Shujaa na Asili Yake

Mkokoteni unashuka barabara ya mlimani ukiwa umebeba wafungwa waliofungwa mikono. Unaingia mji wa Helgen, wafungwa wanateremshwa, na majina yanasomwa kutoka kwenye orodha. Mmoja hayumo. Askari mwenye orodha anamtazama na kumuuliza yeye ni nani. Hapo gemu la Skyrim, lililotolewa na kampuni ya Bethesda tarehe 11 Novemba 2011, linasimama na kumpa mchezaji kazi yake ya kwanza: achague mbari.

Mbari zipo 10. Nord, mtu wa nchi ya theluji, hadhuriki na baridi kama wengine. Argonian mwenye magamba na mkia anapumua chini ya maji. Khajiit, nusu mtu nusu paka, anaona gizani na ana kucha zinazomtosha kwa silaha. Breton anapunguza robo ya madhara ya kila uchawi unaomlenga. Mchezaji akishachagua, yule askari anaendelea na mazungumzo, na maneno yake yamebadilika. Akimwona Argonian, anauliza kama ana ndugu miongoni mwa wafanyakazi wa gatini kule Riften. Akimwona Khajiit, anadhani ametoka kwenye misafara ya wafanyabiashara. Shujaa hajapiga hata hatua moja na tayari kuna mtu anayeamini anamjua.

Wachezaji wengi hupita hapo haraka ili wakaanze kupigana. Wanapitwa na kazi ya ufundi wa hali ya juu. Kutunga mbari za gemu ni kutunga dunia nzima kwa ufupi, na kuichagua mbari kwa makini ni ustadi unaostahili sifa zake. Mbari iliyotungwa vizuri ina mambo matatu. Ina nguvu, jambo ambalo wengine hawaliwezi. Ina deni, yaani gharama ya nguvu hiyo. Na ina sifa iliyotangulia, yale ambayo dunia inayasema juu yake kabla mhusika hajafungua mdomo. Nguvu hutungwa kwa urahisi. Deni na sifa ndivyo vinavyompima fundi.

Ufundi huu ulianzia mezani, kwa karatasi na dadu. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani, vijitabu vitatu ndani ya boksi moja. Mbari zake za mwanzo, elfi, dwafu na watu wafupi walioitwa baadaye halflingi, zilinuka wazi maandishi ya J. R. R. Tolkien, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Katika kanuni zile za kwanza deni lilikuwa kali. Dwafu aliweza kutambua mtego, ukuta unaosogea na njia ya chini ya ardhi inayoteremka polepole bila wenzake kujua, lakini akiwa mpiganaji aliishia ngazi ya 6. Halflingi aliishia ngazi ya 4. Binadamu, asiye na kipaji chochote cha kuzaliwa, hakuwekewa kikomo. Aliyechagua dwafu alijua tangu siku ya kwanza kwamba atang'aa mapema na kwamba ipo siku wenzake watampita.

Kikomo hicho kilifutwa katika toleo la tatu la mwaka 2000, na wengi walishukuru. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Liliendelea kuishi kwa sura za upole zaidi. Katika Baldur's Gate 3, gemu la mwaka 2023 la studio ya Larian ya Ubelgiji, halflingi anatembea mita 7.5 kwa zamu moja ilhali binadamu anatembea mita 9. Tofauti ni mita moja na nusu tu. Lakini siku adui amesimama mbali kidogo mbele yake, mita hiyo na nusu ndiyo inayoamua nani anapiga kwanza. Malipo yake ni bahati: dadu lenye pande 20 likimwangukia 1, linarushwa upya. Mchezaji anaiona namba mbaya kuliko zote, anashika kichwa, kisha anaona dadu likizunguka tena. Kwa kanuni hiyo moja fundi amemweleza mtu mfupi, asiye na mbio, ambaye mabaya hayamshiki. Hakuhitaji kurasa za historia.

Namna nyingine ya kudai deni ni kumpa mchezaji jirani asiyeweza kusema naye. World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004 ilikuwa na mbari 8, nne upande wa Alliance na nne upande wa Horde. Wachezaji wa pande mbili wakikutana njiani, maneno ya mmoja yalimfikia mwenzake yakiwa yamevurugwa, hayaeleweki. Kijana aliyechagua Tauren, watu wakubwa wenye pembe na kwato kama fahali, alianzia kwenye mbuga za kijani za Mulgore, akaweza kukanyaga ardhi kwa kishindo hadi maadui waliomzunguka wakapigwa na bumbuazi, na papo hapo akawa amejinyima mazungumzo na nusu ya dunia ile. Yeye na rafiki yake wa darasani, kama huyo alichagua upande wa pili, hawakuweza kusalimiana humo ndani isipokuwa kwa kupunga mkono.

Skyrim yenyewe, pamoja na uzuri wake wote, ina mahali ilipolegea. Katika dunia ile misafara ya Khajiit hairuhusiwi kuingia mijini. Wafanyabiashara hao hupiga mahema nje ya kuta. Kule Windhelm, Argonian wanaishi gatini na hawapewi nafasi ndani ya mji. Lakini mchezaji aliyechagua Khajiit anapita getini kama mtu yeyote, na Argonian wake anaweza kununua nyumba ndani ya Windhelm ileile. Deni limetajwa, na hakuna anayekuja kulidai. Fundi alijenga ukuta mzuri sana, kisha akamwachia mchezaji mlango wa uani.

Mtu wa Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, ana sababu za kuuelewa udhaifu huo upesi. Ibighi na vijiji vinavyouzunguka mji wa Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, viko ndani ya nchi ambayo masimulizi yake yamejaa watu wa asili mbalimbali, kila mmoja na nguvu yake na gharama yake. Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa wa huko kati ya 1934 na 1938, waliyaandika masimulizi hayo kwa kirefu. Ukoo wa machifu, yasema mapokeo, ulishuka kutoka Ukinga, kwenye milima ya Livingstone, ukileta moto na ng'ombe. Waliowakuta bondeni walikuwa wakila chakula kibichi. Kwa mtungaji mvivu hadithi ingeishia hapo: wenye moto wanatawala, wasio na moto wanatii.

Wanyakyusa hawakuishia hapo. Wazee wa vijiji, amafumu, walitoka kwa raia wa kawaida na si kwa watoto wa chifu, na nguvu yao ilikuwa ya kutisha kuliko mkuki. Waliaminiwa kuwa na chatu tumboni, na kwa nguvu hiyo walikilinda kijiji usiku dhidi ya wachawi. Mtu akikosa, hata akiwa chifu, manung'uniko ya majirani yalimwangukia kama pumzi ya baridi, akatetemeka kwa homa mpaka atengeneze alipoharibu. Pumzi hiyo haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilifanya kazi kwa sababu wengi wamekasirika pamoja na kwa haki. Mwenye moto alikuwa na enzi, na wenyeji wake walikuwa na njia ya kumzuia.

Juu ya wote alikuwa Lwembe, mfalme mtakatifu wa Lubaga, karibu na Tukuyu. Mvua na rutuba ya nchi vilishikamana na mwili wake. Akiwa na afya, nchi ilikuwa na afya. Kwa sababu hiyohiyo hakuruhusiwa kuugua mpaka mwisho: masimulizi yaliyokusanywa na Monica Wilson yanaeleza kwamba makuhani walimziba pumzi alipozidiwa, ili udhaifu wake usiingie mashambani. Ni cheo ambacho mtu mwenye akili alikifikiria mara mbili. Kwa macho ya mtunga gemu, Lwembe ni mhusika aliyekamilika. Ana nguvu kubwa kupindukia, ana deni la ukubwa uleule, na wapo watu wanaojulikana wenye kazi ya kulidai.

Hapo pana somo jingine, nalo ni zito. Upo ufundi mbaya wa kutunga mbari, ule unaoweka thamani ya mtu ndani ya damu yake. Katika toleo la mwaka 2000 la Dungeons & Dragons, mwenye damu ya nusu orki alipunguziwa pointi 2 za akili na 2 za mvuto, awe nani, awe amelelewa wapi. Afrika Mashariki inaijua hesabu ya namna hiyo nje ya mchezo. Utawala wa Ubelgiji nchini Rwanda ulitoa vitambulisho katika miaka ya 1930 vikimwandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mwaka 1994 vitambulisho vya aina hiyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani auawe. Anayetunga mbari kwa ajili ya vijana wa ukanda huu hana ruhusa ya kulisahau hilo. Watunzi wa Dungeons & Dragons nao walibadili mwendo: mwaka 2020 walitoa kanuni inayomruhusu mchezaji kuzihamisha pointi za mbari yake apendavyo, na Baldur's Gate 3 ikaifuata njia hiyo. Orki anaweza kuwa msomi. Kinachobaki cha kumtofautisha ni alikotoka, anachokiona gizani, anayemwogopa na anayemfungulia mlango.

Na mlango huo hufunguka mbele ya wenzake. Uchaguzi wa mbari ni jambo la kikundi kuliko unavyoonekana. Kundi lenye dwafu wanne litajua kila mtego na halitakuwa na wa kukimbia. Wachezaji wazoefu hukaa pamoja kwanza, wakaulizana nani anaona gizani, nani ataongea na wageni, nani atabeba wengine wakianguka. Wanyakyusa walilifanya jambo hilo kuwa mpango wa maisha. Wavulana wa rika moja, wangali na miaka 10 hivi, walianza kujenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao, wakala kwa pamoja wakizunguka nyumba za mama zao, na kwa miaka wakakua kuwa kijiji kamili. Walikiita ukwangala kile kitamu walichokitafuta humo, raha ya kukaa na wenzako mkizungumza kama watu walio sawa. Monica Wilson alikipa kitabu chake cha 1951 jina linalotokana na wazo hilo. Kikundi cha gemu kinachodumu huwa kimeipata raha hiyohiyo.

Mfano wa karibu kwamba gemu linaweza kubeba mambo ya huku upo tayari. Aprili 2024 studio ya Surgent, inayoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ilitoa Tales of Kenzera: ZAU. Kijana Zau amefiwa na baba yake na anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo. Mchezaji hachagui mbari. Anachagua barakoa, ya jua kwa mapigano ya karibu na ya mwezi kwa mapigo ya mbali, na anaweza kuzibadilisha katikati ya pambano kwa kubonyeza mara moja. Gemu hilo linaweza kuchezwa likiwa na sauti za Kiswahili. Kilio cha mtoto kwa baba yake kinasikika kwa lugha ambayo mchezaji wa Tukuyu hahitaji kutafsiriwa.

Skrini ya kuchagulia iliyotungwa na kijana wa Ibighi ingekuwaje? Kwanza, watu wa Ukinga: wanawasha moto hata mvua ikinyesha, na Tukuyu mvua hainyeshi kidogo, lakini hawalali ndani ya kijiji chochote mpaka wenyeji wakubali. Pili, wenyeji wa bonde: pumzi yao inamtetemesha hata mfalme, ila mmoja akiwa peke yake haifanyi kitu, lazima wawe watatu na wawe wamekubaliana juu ya kosa. Tatu, mrithi wa Lubaga: mvua inamtii, na kila jeraha analopata linakausha shamba moja ambalo mchezaji alishalitembelea na kula humo. Nne, watu wa juu ya miti, kwa heshima ya kipunji, tumbili mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani ambaye wanasayansi walimwona Mlima Rungwe mwaka 2003 baada ya kufuatilia habari za wawindaji waliomjua siku zote. Hao wangeitana kutoka bonde hadi bonde na kusafiri bila kugusa ardhi. Ila kila msitu unaokatwa ndani ya gemu ungewafungia njia, na mchezaji mwenzao anayehitaji kuni angelazimika kuwauliza kwanza.

Kwa kuanzia, kazi hiyo haihitaji kompyuta wala mtaji. Ile ya Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 ilijaribiwa mezani miaka kadhaa kabla ya gemu kubwa za skrini kuzaliwa, na daftari, kalamu na dadu vinapatikana Tukuyu mjini. Wanne wakae, kila mmoja achukue asili yake, na mmoja wa tano asimulie safari kutoka Lubaga hadi ziwa la Ngozi. Ndani ya jioni moja watajua kama shamba lililokauka linauma vya kutosha, kama watatu ni wengi mno kwa pumzi ya wenyeji, na kama yupo anayekubali kwa hiari kuwa Lwembe.