Makaa ya Mathenge

Kule Turkana, ukivuka kutoka Longech hadi Kalokol, ukashika barabara ya Lodwar, mti utakaoukuta kila mahali ni mathenge. Waturkana wanauita etirae. Ulifika Kenya mwaka 1973, ukapandwa kwenye machimbo yaliyoachwa karibu na Mombasa. Miaka ya 1980 ukapelekwa maeneo makavu ya Turkana, Baringo na Tana River ili uzuie mchanga na uwape watu kuni.

Kuni uliwapa. Ila mbuzi walikula maganda yake matamu, mbegu zikapita tumboni salama na kuota popote walipokanyaga. Kando ya mto Turkwel mathenge ukaisonga ewoi, ile migunga ambayo kila familia hulinda katika ekwar yake, yaani sehemu yake ya miti kando ya mto, kwa ajili ya mifugo. Watu wa Baringo waliishtaki serikali, wakapeleka mahakamani mbuzi aliyepukutika meno kwa sukari ya maganda hayo. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Aliyeukabili mti huu kwa mikono yake ni mchoma makaa, na sifa zake hazisemwi vya kutosha.

Mtazame anavyoanza. Haingii kichakani kichwa kichwa, maana mwiba wa mathenge hupenya kandambili na kutoboa tairi. Hufyeka kwanza matawi ya pembeni kwa panga lenye mpini mrefu, ndipo afikie shina. Magogo huyapanga kwa kuyabana, manene katikati, akayafunika kwa majani mabichi, kisha udongo. Akishawasha, kazi yake ni kusoma moshi. Ukiwa mweupe mzito, ni maji yanayotoka kwenye mti. Ukigeuka samawati na kuwa mwepesi, makaa yameiva, na matundu ya hewa yazibwe mara moja. Usiku huamka kulizunguka tanuri, kwani ufa mmoja ukiachwa wazi, upepo wa Turkana utageuza gunia zima kuwa jivu.

Kisiki nacho huchipua tena, vichipukizi vingi kuliko mwanzo, kwa hiyo fundi hurudi palepale.

Tatizo ni kwamba ewoi nayo hutoa makaa mazuri, na asiyejali huikata. Mnunuzi wa Lodwar au Kakuma angeuliza gunia limetoka mti gani kabla ya kulipa, fundi wa mathenge angepata haki yake.