Krogan wa Tuchanka na Sifa ya Ukali ya Tarime

Mtu wa Tarime akijitambulisha Dar es Salaam, mzaha hauchelewi: Mkurya, basi mjeshi, mjeshi, basi mkali. Kwa hiyo Mass Effect, gemu ya kampuni ya BioWare ya Kanada iliyoanza 2007, inafaa kuchambuliwa kwa macho ya mkoa wa Mara, ilipo Tarime. Ndani yake wamo krogan, viumbe wa sayari ya Tuchanka ambao ulimwengu mzima wa gemu unawajua kwa jambo moja tu, kupigana.

Ubaguzi huo umejengwa kwa hila. Krogan unaowakuta mwanzoni ni mabaunsa na mamluki, ukawazoea hivyo kabla hujaambiwa lolote. Historia inakuja baadaye, kwa vipande, katika mazungumzo na krogan Urdnot Wrex ndani ya meli ya mchezaji. Salarian, viumbe wengine wa gemu, waliwapa krogan teknolojia wawapiganie dhidi ya adui zao, rachni. Vita ilipokwisha, krogan wakageukia sayari za wengine, nao wakaambukizwa genophage, gonjwa la maabara linaloacha mimba moja tu kati ya 1,000 itoke hai. Ukali uleule uliowafanya waajiriwe ukawa ndio kosa lao.

Hapo Mkurya anaweza kutabasamu kwa uchungu. Waingereza waliwaandikisha wazee wake katika jeshi lao la kikoloni, King's African Rifles (KAR), na jeshi la taifa huru likaendelea kuwachukua. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe mpakani na Kenya, anaeleza jinsi silaha na ujuzi wa Vita vya Kagera vya 1978–79 vilivyoingia katika wizi huo. Aliyekupa bunduki ndiye anayekuita mtu wa bunduki.

Toleo la pili, la 2010, lilifanya vizuri zaidi: krogan wanabishana wao kwa wao. Wrex anataka kuunganisha koo, Uvenk wa ukoo wa Gatatog anapinga. Wanchari, Wairege na Wanyabasi, koo za Wakurya, wangeuelewa ubishi huo mara moja.

Lakini wanawake walikuwa wapi? Krogan wa kike aliye hai haonekani hadi toleo la tatu, 2012, anapokuja Eve, mganga mwenye hoja nzito kuliko majemadari wote. Kwa jamii yenye nyumba ntobhu, ambamo mwanamke huoa mwanamke ili mji wake upate warithi, kusubiri matoleo matatu ni dhihaka.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye kanuni zenyewe za gemu, ambamo Wrex anaweza kuishi au kufa kutegemea uamuzi wa mchezaji. Wrex akiwa hai, tiba ya genophage inaonekana ni haki. Akiwa amekufa, krogan mwingine, Wreav mwenye kisasi, akatawala na Eve naye akafariki, gemu inakuruhusu kumshawishi daktari Mordin aiache tiba. Maana yake uzazi wa kabila zima umefungwa kwenye tabia ya kiongozi mmoja. Huko ni kuadhibu ukoo kwa kosa la mtu, na gemu inakuita uone kuwa ni busara.

Ninyi mnaotengeneza gemu Nairobi na Dar es Salaam, mkimhitaji mhusika kutoka Tarime, msimweke getini na rungu. Mpeni ndugu wa kubishana naye.