«A Beautiful Mind»: filme nzuri, hesabu kichwa chini



Kila mara mazungumzo yakigusa nadharia ya michezo, hakosekani mtu wa kutuma kwenye grupu ile sehemu ya filme «A Beautiful Mind». Kijana yuko kwenye baa na wenzake, anaangalia wasichana, akili inawaka, na njo pale uchumi wote unabadilika. Chini yake watu wanaandika: «Sasa nimemwelewa Nash.» Mimi nasema hapana. Aliyemwelewa Nash kupitia ile baa amemwelewa kinyume. Na siandiki hivi kwa kutafuta makosa ya watu wa sinema. Ninaandika juu lile fundisho la baa njo lile lile tunalojilisha kila tunapokutana kuzungumza juu ya kazi.

Kwanza tuipe filme haki yake. Ron Howard aliitoa mwaka 2001, Russell Crowe akicheza John Nash, na ilipata Oscar 4, pamoja na ile ya filme bora. Inatuonyesha mtu wa akili nyingi akipigana na ugonjwa wa akili, na mke aliyebaki kubeba mzigo. Kwetu, mahali mgonjwa wa namna hiyo bado anaitwa amerogwa, kumuona akipewa heshima mpaka mwisho si jambo dogo. Kweli wamepamba. Ile sherehe ya maprofesa kumwekea kalamu mezani haikuwa desturi ya Princeton. Filme inanyamaza pia kwamba Nash na Alicia walitalikiana mwaka 1963, wakaoana tena mwaka 2001. Hayo yote ninayasamehe, filme si kitabu cha historia. Lakini baa siisamehe, juu ndiyo mahali pekee filme inapojaribu kutueleza kwa nini huyu mtu alipewa Nobeli mwaka 1994.

Tuitazame polepole. Anaingia msichana wa nywele za dhahabu pamoja na rafiki zake. Vijana wote wanamtaka yule mmoja. Nash wa filme anapiga hesabu: tukimwendea wote tutazibana njia, hakuna atakayempata, na tukirudi kwa rafiki zake watatukataa, juu nani anapenda kuwa wa pili? Basi dawa ni hii: yule wa nywele za dhahabu tumwache kabisa, kila mmoja aende kwa rafiki yake mmoja, na wote tutashinda. Eti Adam Smith alisema nusu tu. Kila mtu afanye lililo jema kwake na kwa kundi pia.

Inapendeza kusikia. Inafanana na mahubiri. Sasa tuipime kwa kipimo cha Nash mwenyewe, kile cha mwaka 1950, kwenye tezi ya kurasa 28 tu. Kipimo chake mtu anaweza kukisema kwa sentensi moja: mpangilio unasimama kama kila mmoja, akishaona wenzake wamechagua nini, hana faida ya kubadilisha peke yake. Huo ndio msawazo wa Nash.

Haya, vijana wote wamekwenda kwa wale rafiki. Yule wa nywele za dhahabu amebaki peke yake, hakuna anayemziba njia. Kila kijana anajiuliza: nikigeuka mimi tu, kimya kimya, nitapata zaidi? Ndiyo, atapata! Basi mapatano yanavunjika papo hapo, pengine aliyeyatoa njo atakuwa wa kwanza kuyavunja. Msawazo wa kweli kwenye mchezo huu ni mwingine: mmoja anaenda kwa yule wa nywele za dhahabu, wengine wote wanaenda kwa rafiki zake. Hapo anayehama peke yake anakwenda kugongana tu na aliyefika mbele yake, atapoteza vyote. Angalia vizuri: msawazo huo hauna undugu ndani yake. Mmoja anapata kuliko wengine, na hesabu haisemi ni nani.

Tena kuna jambo lingine linaloniuma. Wale wasichana hawaulizwi kitu. Wamewekwa kama zawadi kwenye tombola, wakati wao pia ni wachezaji, wanachagua na kukataa. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walionyesha jinsi pande mbili zinavyoweza kupangwa, wanaume na wanawake, vyuo na wanafunzi, mpaka pasibaki wawili wanaotaka kuwaacha waliopewa ili wachukuane wao kwa wao. Hapo kila upande una sauti. Filme ilichukua sauti ya upande mmoja, ikaita jambo hilo ugunduzi.

Mtu atanijibu: «We nawe, ni filme tu!» Sawa. Lakini tofauti kati ya mahubiri na kipimo inaonekana mahali kazi ngumu inapofanyika. Nchini Marekani, Oktoba 1986, laini ya kompyuta kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, umbali usiofika mita 400, ilikuwa ikipitisha biti 32,000 kwa sekunde. Ikaanguka mpaka biti 40. Si waya uliokatika. Njia ilijaa, ujumbe ukachelewa, kila kompyuta ikatuma tena, njia ikazidi kujaa. Kila moja ilifanya lililoifaa, na wote wakakosa. Van Jacobson na wenzake walitengeneza programu ili kompyuta ikiona msongamano ipunguze mwendo. Kazi nzuri, mpaka leo mega zetu zinapita juu ya mawazo hayo. Lakini ukiipima kwa Nash, kuna ufa: kompyuta inayokataa kupunguza inapata nafasi iliyoachwa na wenye adabu.

Ufa huo John Nagle alikuwa ameshauona mwaka mmoja mbele, Desemba 1985, katika karatasi inayoitwa RFC 970. Ndani yake kuna sehemu nzima inayotazama msongamano wa mtandao kwa jicho la nadharia ya michezo. Hakuhubiri kwamba kompyuta zifikirie kundi. Alipendekeza mashine inayogawa njia iwe na mstari mmoja kwa kila mtumaji, na ihudumie mistari hiyo kwa zamu. Ukituma kwa fujo, unaurefusha mstari wako mwenyewe, jirani yako haumii. Ghafla adabu inakuwa faida. Watu ni wale wale, tamaa ni ile ile, kanuni tu njo imebadilika.

Sasa tuingie nyumbani. Mara ngapi tumesikia kwenye mikutano yetu: «Vijana, tukatae staji za bure! Tukiungana wote, wakubwa watalipa.» Makofi yanapigwa. Hiyo ni baa ile ile, na yule wa nywele za dhahabu ni nafasi kwenye biro. Wote tumekubaliana kumwacha. Lakini kodi ya nyumba haikuhudhuria mkutano. Akitokea mmoja ambaye mwisho wa mwezi umembana, akaenda kuikubali staji bila hata pesa ya transporti, anaipata bila mshindani. Kesho yake tunamwita msaliti. Mimi siwezi kumwita hivyo. Mapatano yetu yalikuwa yamevunjika tangu siku ya makofi, juu yalimwachia kila mmoja wetu faida ya kutoka.

Je, Nash anasema basi tusiungane? Hapana kabisa. Anatudai tujiulize swali moja mbele ya makofi: nani atafaidika akitoka peke yake, na nini kitamfanya asifaidike? Mama zetu sokoni wanalijua swali hilo bila tezi. Angalia likelemba. Aliyepokea wa kwanza ana kila sababu ya kutoroka na pesa, lakini likelemba inaendelea. Juu ya nini? Juu wanajuana, mzunguko utarudi tena, anayekimbia hataingizwa kwenye nyingine, na yule ambaye hawamjui vizuri wanamweka mwisho wa zamu. Robert Aumann, aliyepata Nobeli mwaka 2005, alieleza kwa hesabu jinsi mchezo unaorudiwa unavyoweza kushikilia ushirikiano ambao mchezo wa mara moja unauvunja. Mama zetu hawakumngoja.

Kwa hiyo ninaona umoja juu ya staji unahitaji mambo yenye sura ya likelemba, hauhitaji hotuba nyingine. Tuwe na orodha ya wazi: mahali fulani wanalipa, mahali fulani hawalipi, kila mwanachama anaiona. Barua ya kupendekezwa na association itolewe tu kwa staji yenye malipo. Na tuwe na kasa ndogo ya kumsaidia mwenzetu mwezi ule anapokataa, juu kukataa kuna bei yake, na bei hiyo isibebwe na maskini peke yake. Hata hivyo atakuwepo atakayetoka. Lakini kutoka kutamgharimu kitu, na kubaki kutamlipa kitu. Hapo ndipo tutakuwa na mpangilio unaoweza kusimama siku mbili.

Ninyi mnaofundisha somo hili, endeleeni kuionyesha ile filme, mimi sikatai. Simamisheni tu picha pale vijana wanapokwenda kwa wale rafiki, mwulize oditware: nani kati yao atageuka kwanza? Mwanafunzi akijibu «yeyote kati yao», mpeni pointi zake zote.

Nanyi mnaosoma: kwenye kundi lenu, ni mapatano gani yanasimama kwa makofi tu? Andikeni hapa chini, tuyapime pamoja.