Kamba, Msumeno na Mwembe wa Uani

Mti mkubwa unapoteremshwa katikati ya nyumba, mtaa mzima huinua shingo kumtazama aliye juu. Wewe mtazame kwanza aliye chini, yule mwenye kamba. Amesimama kando, kamba ameizungusha mara tatu kwenye shina, mguu mmoja mbele, macho juu, na hana maneno. Kazi yake yote ni kuachia. Akiachia upesi, tawi linaingia kwenye bati la jirani. Akiibana kamba isisogee kabisa, tawi linashuka kidogo, linasimama ghafla hewani, na kishindo chote kinapanda kumrudia mwenzake aliyekalia panda. Katikati ya makosa hayo mawili kuna mwendo wa kamba ambao sijamsikia fundi yeyote akiueleza kwa mdomo. Mkono unausikia uzito ukija, unaupokea, unaulegezea, unaufuata hadi chini, na tawi linalala uani bila hata kuku kushtuka.

Nimewatazama mafundi hawa Tanga kwa miaka mingi, hasa Ngamiani, ambako nyumba zimebanana na miembe ya zamani imebaki katikati ya nyua. Mwembe ulipopandwa palikuwa na nafasi. Baadaye kikajengwa choo upande huu, vyumba vya kupangisha upande ule, ukuta wa jirani ukapanda, nguzo ya umeme ikasimikwa. Mti umebaki palepale, na leo hauna pa kuangukia. Masika yakikaribia, au kusi ikianza kuvuma, mwenye nyumba anaanza kulala usingizi wa mang'amung'amu. Hapo ndipo anapotafutwa fundi wa miti. Hana ofisi wala kibao. Namba yake ya simu iko kwa muuza kuni, au kwa fundi bati, au kwa mama wa mtaa wa pili ambaye alikatiwa mkungu wake na vigae vyake vikabaki salama.

Mti mbichi ni mzito kuliko tunavyodhani, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Tawi la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 4 linakaribia kilo 250. Hilo ni tawi moja, bado hatujafika kwenye shina. Likidondoka mita moja tu kabla kamba haijalikamata, nguvu inayoipata kamba inaweza kuwa mara kadhaa ya uzito huo. Kwa hiyo fundi anayejua hupitisha kamba kwenye panda imara iliyo juu ya tawi, akiwa na kapi hulifunga hapo, ili tawi likikatika liwe limekwisha kuning'inia. Anapofika kileleni, mahali ambapo hakuna tena panda ya juu, anabadili mtindo na kukata vipande vifupi vifupi ambavyo mkono mmoja unaweza kuvisukuma. Asiyejua huwa na haraka pale pale kileleni, kwa sababu amechoka na anaona kazi imekwisha.

Kamba zenyewe siku hizi ni za nailoni. Nailoni inavutika kidogo kabla ya kukaza, na hilo linapunguza kishindo. Katani haivutiki hivyo, na ikinyeshewa na kuanikwa mara nyingi huweza kuoza ndani huku nje ikionekana nzima. Ni jambo la kuchekesha kidogo katika mkoa ulioishi kwa katani tangu mwaka 1893, Richard Hindorf alipoleta miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, ikasalia 62 tu ya kupandwa upande wa Pangani. Fundi wa miti wa Tanga hawezi kuyategemeza maisha yake kwenye zao lililoujenga mji wake.

Lakini tumetangulia mbele. Kabla ya kamba, fundi anazunguka. Nimewahi kumwona mmoja, mtu wa makamo, akizunguka mwembe karibu nusu saa bila kugusa chombo chochote, mwenye nyumba akianza kuingiwa na shaka kwamba ameletewa mvivu. Alikuwa anagonga shina kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Mti mzima unajibu kwa sauti fupi na nzito. Mti wenye uwazi ndani unarudisha mlio mpana. Alifukua udongo kidogo kwenye mizizi akitafuta uyoga, maana uyoga unaochomoza kwenye shina au mizizi huonyesha kwamba kuvu limekwisha kula mbao kwa ndani, hata kama juu majani ni ya kijani na maembe yamejaa. Alitazama ufa kwenye panda kubwa. Akauliza mti ulikatwa lini mara ya mwisho, na nani alikata. Mwenye nyumba hakukumbuka, ila vigutu vya zamani vilikuwa vimekwisha kumjibu.

Alitazama pia majani yaliyokunjwa. Juu ya miembe, mikarafuu na minazi ya pwani yetu wanaishi maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu wao. Mchuma karafuu yeyote wa Pemba anawajua. Ni maadui wa mpandaji lakini ni rafiki wa mkulima: katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu aliyeitwa Michael Way aliwachunguza Zanzibar, akaona minazi inayolindwa nao inapona dhidi ya kunguni anayeziharibu nazi changa. Fundi wangu hakuwahitaji kwa elimu hiyo. Alitaka tu kujua kiota kiko wapi, ili tawi lake liwe la kwanza kushushwa, asubuhi, kabla jua halijawapasha moto.

Wengi wa mafundi hawa walianza kwa kukwea minazi. Mnazi ni shule kali. Hauna tawi la kushika wala panda ya kukalia, na ule mrefu wa kienyeji unaweza kupita mita 20. Kuna anayepanda kwa vidato vilivyokatwa kwenye shina, na kuna anayepanda kwa pingu, kitanzi cha kamba kinachofunga nyayo mbili pamoja zikabana shina. Mimi nampa heshima zaidi wa pingu. Mnazi hauna ile tabaka hai chini ya gome ambayo kwenye mwembe hutengeneza kovu na kulifunga jeraha. Kidato kilichokatwa leo kitabaki wazi muda wote ambao mnazi utaishi, kikituamisha maji ya kila masika. Mpandaji wa pingu anashuka bila kuacha alama. Na kwa kuwa mnazi una chipukizi moja tu la kukulia, lile la kileleni, anayepunguza makuti akalijeruhi amekwisha kuua mti, ingawa itachukua muda mwenye shamba kutambua.

Mwembe una subira zaidi, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mti hauponi kama mwili wa mtu. Mtu akijikata, nyama iliyoharibika hutolewa na nyingine huota mahali pake. Mti hauwezi kuziondoa mbao zilizooza. Unachofanya ni kujenga kuta ndani yake, kulifungia jeraha na uozo wake pale ulipo, kisha kuota mbao mpya kwa nje na kusonga mbele na maisha. Aliyeliweka jambo hili wazi ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyefariki mwaka 2006. Alichukua msumeno wa mnyororo akapasua miti kwa urefu, mingi mno, ili aone ndani kilichotokea miaka baada ya kukatwa tawi. Kabla yake ilifundishwa kwamba tawi likatwe sawasawa na shina, laini kabisa, kisha jeraha lipakwe lami au rangi. Shigo alionyesha kwamba mkato ule unabomoa ukuta ambao mti ungeutumia kujikinga, na kwamba rangi haizuii kuoza.

Tazama mahali tawi linapotokea kwenye shina. Kuna unene unaolizunguka, mara nyingine umekunjamana kama shingo ya kobe. Unene huo ni sehemu ya shina, na ndimo zilimo chembe hai zitakazofunga jeraha. Mkato sahihi unapita nje yake tu. Ukiingia ndani, umekata shina. Ukikaa mbali, unaacha kigutu kinachokufa, kinaoza na kuwa mlango wa mchwa.

Sasa mtazame anayejua akikata. Hakati mara moja. Mkato wa kwanza anaupiga chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, na hauzidi theluthi ya unene. Mkato wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi linakatika kwa uzito wake. Ule mkato wa chini unalizuia lisichane gome la shina likianguka. Kinabaki kigutu kisicho na uzito, na sasa, kwa utulivu, anapiga mkato wa tatu, nje ya ile shingo. Wateja wengi huona mkato huu wa tatu ni upotezaji wa petroli. Tawi si limeshaanguka? Lakini huo ndio mkato ambao mti utaishi nao miaka hamsini. Baada ya mvua mbili tatu utaona mdomo wa gome jipya ukianza kuzunguka kovu kutoka pande zote, na ukiwa duara kamili ujue aliyekata alikuwa fundi.

Nilimsikia fundi mmoja siku moja akivutana na bibi mwenye nyumba. "Mwanangu, we ukate kichwa chote, uwe mfupi, nilale," bibi alimwambia. Akamjibu, "Mama, nikikata kichwa utachipua machipukizi mengi kwa hasira, na yale hayashiki. Yameota juu juu kwenye gome. Miaka michache yakinenepa, upepo utayang'oa yakuangukie." Akapendekeza atoe matawi matatu tu, yale yaliyoelekea paa, na kupunguza mengine yaliyosongamana katikati ili upepo upite. Kazi hiyo ilikuwa ndogo, na pesa yake ndogo. Bibi alinung'unika kwamba kijana anajifanya anaujua mwembe kuliko aliyeupanda. Mwisho alikubali.

Mti ukiwa hauna budi kuondoka, shina la mwisho nalo lina adabu yake. Upande wa kuangukia hukatwa mdomo wa pembe, kisha mkato wa nyuma, na katikati huachwa ukanda wa mbao usiokatwa, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unene, ufanye kazi ya bawaba. Shina la sentimita 60, bawaba ya sentimita 6 hivi. Bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti unapolala. Anayeikata yote ameukabidhi mti kwa upepo. Na kama shina limenyooka na halina tundu, fundi atakuomba asilikate vipande. Mwembe ndio mti wa mitumbwi na ngalawa, na fundi wa ngalawa atalinunua likiwa refu. Kuna mashina ya Ngamiani ambayo baada ya kutoa maembe kwa vizazi viwili sasa yanakwenda baharini.

Mapato ya kazi hii hayatabiriki. Kabla ya masika simu haipumziki, halafu inakuja miezi ya kuuza kuni na kunoa mnyororo kwa tupa. Petroli, oili, kamba mpya, mshahara wa mwenye kamba na wa anayebeba matawi, vyote vinatoka kwenye bei ile moja ambayo mwenye nyumba aliipunguza nusu kwa kusema "si kukata mti tu?" Utomvu wa mwembe unaunguza ngozi. Bima hana. Akianguka, familia yake imeanguka naye. Wengi hupanda bila kofia ngumu na bila mkanda, na siwasifu kwa hilo. Ninachokisifu ni kwamba, kwa vifaa vile, mikato yao mingi ingempendeza Shigo.

Ukimwita fundi wa miti, basi, acha bei kwanza. Mpeleke chini ya mti umuulize atakata wapi, na kwa nini hapo. Anayejua atakuonyesha shingo ya tawi kwa kidole. Asiyejua atakuonyesha ukubwa wa msumeno wake. Kama waya za umeme zinapita karibu, piga simu TANESCO wakate umeme kabla mtu hajapanda, wala usikubali ahadi ya "nitazikwepa." Na mkipatana, walipe watu wawili, aliye juu na mwenye kamba.