Kukiri Si Mwisho wa Kisa

Ni michezo michache ya televisheni ya Marekani iliyokipa chumba cha mahojiano ya polisi nafasi kubwa kama NYPD Blue, ulioonyeshwa nchini humo kuanzia mwaka 1993 hadi 2005. Mpelelezi Sipowicz, aliyeigizwa na Dennis Franz, huingia, hukaripia, hutisha, na pengine hupiga. Kisha husogeza karatasi na kalamu, na mtuhumiwa huandika kwamba ametenda kosa.

Hatuna ugomvi na ufundi wa uigizaji. Franz humfanya mtazamaji amchukie mpelelezi na kumhurumia kwa wakati mmoja. Kasoro tuionayo ni kwamba mchezo hutufundisha kuwa kukiri ndio mwisho wa kisa. Kwa sheria, hapo ndipo maswali mengine huanza: je, mtu huyu amekiri kwa hiari? Je, alizijua haki zake?

Mwaka 1966, katika kesi ya Miranda, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba aliye mikononi mwa polisi sharti aelezwe, kabla ya kuhojiwa, kuwa anayo haki ya kunyamaza na haki ya kuwa na wakili, hata kama hana fedha za kumlipa. Mwaka 1981, katika kesi ya Edwards, iliongeza kwamba akiomba wakili maswali yakome hadi wakili apatikane, isipokuwa yeye mwenyewe aanzishe mazungumzo. Lakini katika mchezo, anayeomba wakili huonekana kama mwenye hatia, naye huambiwa kwamba wakili atamharibia bahati yake ya kusaidiwa.

Katika jiji hilo hilo la New York, mwaka 1989, vijana watano walihojiwa na polisi kwa saa nyingi kuhusu mwanamke aliyeshambuliwa katika bustani ya Central Park. Wanne kati yao walikiri mbele ya kamera. Mchezo ulipoanza kuonyeshwa, wote watano walikuwa kifungoni. Mwaka 2002 mtu mwingine alikiri, vipimo vya maabara vikamthibitisha, na hukumu za vijana wale zikafutwa.

Basi mwalimu akiutumia mchezo wa namna hii darasani, na awaulize wanafunzi: nani ni mtuhumiwa, nani ni mshitakiwa, na ni lini mtu huitwa mhalifu? Sipowicz huyachanganya matatu hayo kabla hakimu hajaketi. Sisi tusiyachanganye. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, yataka aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Kwa baadhi ya watu lugha hiyo ni Kiswahili. Yafaa maneno hayo wayajue kutoka kwetu darasani, wasingoje kuyasikia kwa mara ya kwanza kituoni.