Umri wa Nyumba ya Nyasi

Nyumba ya nyasi ya Kijaluo, iwe Seme au Nyakach, ukiikagua kwa nje tu itakudanganya. Paa huezekwa upya nyasi zikioza, kuta hukandikwa upya zikipasuka; bibi kizee akivaa gauni jipya hapungui umri. Ingia ndani, macho yazoee giza, kisha tazama juu.

Anza na makombamoyo. Masizi yakiwa meusi ti, yamegandamana hata ukucha hauyabandui, hapo pamepikwa miaka mingi. Halafu kagua viungo. Mafundi wa zamani walifunga fito kwa kamba za magome; misumari na mabati vilienea baada ya reli kufika Kisumu, enzi hizo Port Florence, mwaka 1901. Lakini ukiona msumari usikimbilie kusema nyumba ni ya juzi. Kichwa chake kikiwa na masizi sawa na mti unaoushikilia, ulipigwa zamani. Kikiwa safi, hapo pametiwa kiraka.

Nguzo bora ni za siala, mti usioliwa na mchwa upesi. Gonga chini kabisa, pale nguzo inapozama ardhini. Ikitoa mvumo, imeshaliwa ndani. Nguzo za mkaratusi, mti ulioletwa na wakoloni, zinapunguza umri wa nyumba papo hapo, hata mwenyewe akiapa ni ya babu wa babu yake.

Ustadi wa fundi uko kwenye kuezeka. Paa la mwinamo mkali humwaga maji, lililolala huyanywa. Sukuma kidole upenuni: nyasi zikikiruhusu kupenya, fundi alibania mafungu. Umbo la duara lenyewe halithibitishi ukongwe. Hoteli za siku hizi zimejaa misonge.

Mpangilio wa boma ukajifunzie Ber-gi-dala, boma la mfano katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, imeelekea lango, na simba, yaani nyumba ya mwana wa kiume, iko karibu na lango hilo. Usilitumie kukadiria umri, maana limejengwa kwa maonyesho.

Nyumba kongwe kweli ni chache, kwa kuwa desturi iliziacha nyingi zianguke wenyewe walipofariki. Kwa hiyo mimi huamini zaidi ua wa ojuok, yaani mnyaa, kuliko paa: mashina manene yaliyopangika kwa duara huonyesha boma lilikuwapo hata pale kuta zilipokwisha kurudi udongo.