Tumaini, tajiri wa Kezilahabi

Mwaka 1975 ilitoka Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. Ni kisa cha Tumaini, kijana wa Ukerewe anayerithi mali, akaitapanya kwa starehe, kisha akatulia Shinyanga na kuwa tajiri wa mashamba. Tunaosoma riwaya hii hapa Sola, wilayani Maswa, tunaisoma kama habari ya kwetu, maana hadi 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu, Maswa na Bariadi zilikuwa ndani ya Shinyanga.

Ufundi wa kwanza wa Kezilahabi ni subira. Angeweza kumchora Tumaini kama mnyonyaji tangu ukurasa wa kwanza, kama walivyofanya waandishi wengi wa enzi ya Ujamaa. Yeye anatupa kwanza kijana, na ujana wake wote wenye tamaa na makosa. Tunamlaumu, tunamhurumia, na anaposhika kilimo tunaanza kumheshimu. Utajiri unaingia kwenye kisa taratibu, kwa sentensi fupi na maneno ya kila siku, hata msomaji hashtuki kuwa ameshakuwa upande wa tajiri.

Hapo ndipo Azimio la Arusha la 1967, tangazo la siasa ya Ujamaa, linapobisha hodi. Mashamba makubwa hayana tena nafasi, na Tumaini anamuua kiongozi aliyehusika na siasa hiyo mpya. Ananyongwa. Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa uzito wa tukio hilo: siku ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi katika mgogoro wa Ujamaa, na Mwamwindi naye akanyongwa.

Umahiri wa Kezilahabi unaonekana vizuri zaidi tukimweka kando ya F. Scott Fitzgerald, aliyechapisha riwaya ya The Great Gatsby mwaka 1925. Gatsby naye ametoka chini, akachuma fedha kwa njia za giza, akaamini kuwa jumba na karamu vitamrudishia mpenzi wake wa zamani, Daisy, na kumfungulia mlango wa matajiri wa ukoo. Fitzgerald anamuua kwa risasi ya fundi maskini aliyepotoshwa, huku matajiri wa kale wakiondoka salama, na mazishi yanakosa watu. Hukumu inalifikia tabaka lililokwepa lawama. Kezilahabi anachukua njia ngumu zaidi: tajiri wake ndiye muuaji. Huruma tuliyompa tangu mwanzo inatugeukia, nasi tunalazimika kujiuliza tulikuwa tukiunga mkono nini hasa.

Na bado Kezilahabi hawapi wanasiasa ushindi. Aliyekufa amekufa, aliyeua amenyongwa, na kaulimbiu za usawa hazifuti lolote kati ya hayo. Mali inapimwa, na dola inayoitwaa mali inapimwa kwa mizani ileile. Kuandika hivyo miaka ya sabini, nchi ikiwa katikati ya kuhamishia watu vijijini, kulitaka mkono imara na moyo wa ujasiri.

Kijana wa Simiyu anayetaka kuandika juu ya fedha za leo, ziwe za pamba, za ng'ombe au za duka, ana mwalimu hapa: mpe tajiri wako kazi, mapenzi na hofu, mfikishe mahali pa kuamua, kisha mwache aamue mwenyewe.